Mstari wa "Leo Tu"

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwonea Msumari, yule binti wa mkataba ofisini kwetu. Naandika hivyo hivyo, nisije nikalipaka jambo hili sukari kesho.

Leo nimekaa kwenye mashine ya majaribio, ile tunayoingia wote kwa jina moja. Nikaweka kituo pale programu ya miadi ya kliniki inapopanga tarehe — dibaga ya Ruby, zana ya kusaka makosa ya programu, iisimamishe hapo nione kosa. Ikapita. Nikaweka vitatu. Ikapita vyote. Ndivyo alivyoniambia yule binti wiki tatu zilizopita: anko, inapita vituo vyangu kama havipo. Nikamjibu mbele ya chumba kizima, labda inakuogopa. Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jumanne, 4 Machi
Nimelipata. Faili linaitwa .rdbgrc. Jina linaanza na nukta, kwa hiyo ukiorodhesha mafaili kawaida halionekani. Dibaga ikiamka tu inalisoma na kutii amri zilizomo, haimwulizi mtu. Ndani mstari mmoja: ruka vituo vyote. Juu yake maelezo — "leo tu, kwa ajili ya wageni."

Mimi huyo. Januari, siku ya kuwaonyesha wakubwa wa kliniki, sikutaka programu inisimamie katikati. Halafu nikasahau. "Leo tu" yangu ina wiki sita!

Programu ilikataa kusimama, akasimamishwa Msumari kazi. Kosa hakuliona, wagonjwa wakapewa tarehe zilizokwisha kupita, na ripoti nikaiandika mimi: hajui kutumia zana. Hajui! Yeye ndiye pekee aliyeona kuna kitu.

Jumatano, 5 Machi
Nimemweleza mkuu wa idara. Akaendelea kupangusa miwani. Lifute hilo faili, mzee wangu, yaishe. Kikao cha nidhamu cha huyo binti ni Ijumaa, na mkataba wake wenyewe unaisha mwezi huu, kwa nini tujivue nguo?

Tujivue. Nani "tu"? Binti atoke hapa na doa kwenye faili lake la kazi, sisi tubaki tumevaa suti. Nimetoka bila kufunga mlango. Sijafuta kitu.

Nyumbani nimefoka weee, mkuu hivi, mkuu vile. Mke wangu anakatakata vitunguu. Akasema huyo mkuu hayumo humu jikoni, baba, unamfokea nani? Kisha, taratibu: na wewe ulicheka?



Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia Msumari. Nimemwambia yote. Nikasema nitamwandikia mkuu barua ya siri, nimsafishe yeye jina.

"Kwani ulinicheka kwa siri, anko?"

Akakata.

Nimekasirika robo saa nzima, eti nimejishusha na bado ananijibu hivyo. Robo saa. Halafu hasira ikageuka, ikarudi kwangu inakostahili.

Fundi wa mashine kaniambia ametumwa afute kila kitu kwenye ile ya majaribio kesho adhuhuri. Mkuu hachelewi.

Basi kesho Ijumaa, saa tatu asubuhi, kabla hawajamwita Msumari kikaoni, naiunganisha mashine hiyo na ile skrini ya ukutani. Wote wakiwa kwenye viti vilevile walivyochekea. Naweka kituo, waone ikipita. Nalifungua faili, nausoma mstari wangu kwa sauti, kisha ripoti yangu. Naye nimemtumia ujumbe aje asimame mlangoni asikie. Hajajibu.

Mkuu anapiga simu, mara ya tatu hii. Na iite. Saa tatu.