Yai Ndani ya Mkate wa Mama Mkwe

Mama Asha wetu wa ukurasa wa familia,

Minye ninakusoma tangu nikiwa msichana, majibu yako mengine ninayakata ninayaweka ndani ya Biblia, na sikuwahi kufikiri kama siku moja nitakuandikia, lakini imenifika hapa shingoni, naomba unitoe ndani ya shida hii mbele ya siku ya Mungu, Jumapili hii inayokuja, maana siku hiyo njo mama mkwe wangu ataingia ndani ya cuisine yangu na uongo wangu wote utakuwa juu ya meza. Tafadhali usiandike majina yetu ya kweli.

Niko mke wa Rénovat, tuko na watoto wawili, Alliance na Vainqueur, na tangu mwaka jana tunakaa na mama ya mume wangu, Mama Domitille, aliyetoka Katogota kisha kilio na maziko ya mume wake. Alifika kwetu amekwisha, Mama Asha, meno ya pembeni hayako, ukimwekea bugali anamega mara mbili anasukuma sahani, ukimwekea ndagala, samaki wale wadogo, anasema watoto wale, anabaki na chai yake tupu. Docteur wa kituo cha afya akatuambia, mzee huyu mumpe mayai, ni laini, hayaombi meno, yatamrudisha nguvu. Nikamwangalia Rénovat, Rénovat akaangalia dirisha. Kwa sababu Mama Domitille hali yai. Hajawahi. Wanawake wa umri wake kule kwao walilelewa hivyo, kuku na yai ni vya wanaume, mwanamke hatii mdomoni, na hata kama siku hizi sisi wote tunakula na hakuna anayeuliza, yeye alimwahidi mama yake aliyemzaa kwamba atashika mwiko ule mpaka kaburini, na ameushika. Tukikaanga omelette anabeba kiti chake anahamia uwanjani, bila maneno.

Sasa dada ya Rénovat, Furaha, anayeishi Canada, alikuja likizo akatuletea friteuse ya hewa, kile chombo cha courant, cha umeme, kinachopika kwa upepo moto bila kumwaga mafuta. Kilikaa mwezi mzima juu ya kabati kimefunikwa kitambaa, tuliogopa hata kukigusa, mpaka asubuhi moja courant ikaja vizuri nikasema wacha nijaribu mkate wa mahindi. Ninaloweka unga ndani ya mtindi unaotoka Luberizi, ninatia ngano kidogo, sukari kijiko kimoja, chumvi, levure ya kuumulia, ninapasua mayai mawili ninakoroga, ninamwaga ndani ya sufuria ndogo inayoingia ndani ya kikapu cha mashine, dakika ishirini, na mwishoni, kwa upande wa watoto, ninachimba mashimo na kijiko ninapasulia yai ndani, dakika tano tena, wanakula wanaenda masomo. Iko rahisi kabisa, hata moshi hakuna.

Siku ile ya kwanza Mama Domitille alikuwa kwenye kiti chake kifupi karibu na mlango, harufu ya mahindi ikamfikia, na kabla sijageuka alikuwa amekwisha kumega ule upande usio na yai juu, akatafuna polepole, akamega tena. Nilisimama na kijiko mkononi. Akaniuliza, "Mukazana, hii uliweka nini?" Mukazana njo namna kwetu mama mkwe anamwita mke wa mtoto wake. Nikasema, "Mahindi, mama." Akasema, "Mahindi tu?" Nikasema, "Mahindi tu." Nakuapia Mama Asha, ulimi ulijisemea wenyewe, niliogopa atatapika, tena nilikuwa ninamwona anakula, muntu ambaye hakula tangu kilio.

Ni miezi mitatu sasa. Mashavu yamerudi. Anaamka mbele yetu wote, anafagia uwanja, anabeba majivu na takataka mpaka kwenye shimo kule kwenye migomba, kazi hiyo hataki mtu amnyang'anye, kisha anakuja kukaa karibu na mashine ananitania, "Kasanduku kako bado hakajaanza kupuliza? Njaa itaniua hapa mbele yako!" Minye ninacheka na roho inaniuma. Maganda ya yai la watoto ninayatupa wazi, yale ya mayai ya ndani ya unga ninayafukia chini ya majivu ya makala, mkaa wetu wa jiko. Siku moja mayai yaliisha, nikapika bila yai, mkate ukavunjika kama mchanga. Akaonja akasema, "Leo mahindi yako yamechoka," akaacha. Kisha akasema, "Tuma mutu anunue mayai, watoto wasikose." Nikaona namna gani ana moyo mwema kwa wajukuu wake, nikaenda kulia nyuma ya nyumba.

Mbaya zaidi, kwenye kikundi cha wamama wa kanisa alisimama akasema mukazana wake anamtunza, anampikia mahindi safi, wamama wakapiga makofi, na minye nimeketi palepale ninaangalia viatu vyangu.

Sasa mdogo wake, Mama Libérate, anakuja kutoka Luberizi siku ya Mungu, naye anashika mwiko uleule. Na Mama Domitille ameniambia, "Siku hiyo mkate nitapika minye mwenyewe. Weye utasimama pembeni unionyeshe kila kintu unachotia. Kila kintu." Rénovat anasema nisijisumbue, nipige mayai ndani ya mtindi mapema, nifunge chupa, wazee wataona maziwa tu. Chupa nimekwisha kuitafuta, sikufichi. Lakini mkono unakataa. Nikisema ukweli, ninaogopa atafunga vitenge vyake arudi Katogota, nyumba ile haina mtu, ataanza tena chai tupu, na safari hii tutamzika. Nikinyamaza, ninalisha uongo wazee wawili. Nifanye nini, Mama Asha?

Mukazana wa Kavimvira

Mama Asha anajibu

Mukazana, pole. Ninakupa pole hapa mwanzoni kwa sababu huko chini hutaipata tena.

Majina nimeyabadilisha yote, kama ulivyoomba. Lakini niambie, friteuse za hewa kwenye avenue yenu ziko ngapi? Gazeti hili likifika Kavimvira, wamama wa kikundi watakuwa wamekwisha kukutambua kabla hawajafika mwisho wa ukurasa. Kwa hiyo habari ya siku ya Mungu sahau. Unayo leo na kesho asubuhi tu.

Tupa ile chupa. Yaani Rénovat, ambaye siku ya docteur alishindwa kumwangalia mama yake mwenyewe akaangalia dirisha, leo ndiye fundi wa kuficha mayai ndani ya mtindi? Mwambie nimemsikia. Kumdanganya mzee mmoja kwa hofu ni kosa. Kumwita na mdogo wake, kuwakalisha mezani, mkapanga chupa tangu mapema, hiyo haina jina zuri, na mkono wako umekataa kwa sababu una akili kuliko nyinyi wawili.

Yai la siku ya kwanza ninakusamehe. Alimega mwenyewe, ukashtuka. Lakini usiku ukapita, ukaamka, ukanawa uso, ukapasua la pili ukijua. Huo haukuwa ulimi tena, mama. Na usijifiche nyuma ya docteur. Docteur alisema mumpe mayai, hakusema mumwibie. Mtazame huyo mama: mume ameenda, meno yameenda, nyumba yake iko tupu. Ahadi aliyompa mama yake ndiyo kitu kilichokuwa bado ni chake peke yake, na weye umeiingilia kwa kijiko.

Mwiko wenyewe mimi siupendi, tusidanganyane. Ninafikiri uliwekwa na watu waliotaka kula mayai bila kugawana. Bibi yangu alikuwa na miiko yake na nilimbishia mpaka akafa. Lakini nilimbishia usoni. Kuutupa mwiko ni kazi ya mwenye mwiko, haiwezekani umtupie kwa siri halafu umpigie makofi kwamba amenenepa.

Sasa kuna kitu kwenye barua yako ambacho nimekisoma mara tatu. Umeniandikia kwamba maganda unayafukia ndani ya majivu. Mistari miwili juu yake umeniandikia nani anabeba majivu kila asubuhi. Siku mayai yalipoisha, mkate ukamshinda, na palepale nani alisema mayai yanunuliwe? Na alipokwambia umwonyeshe kila kitu unachotia, kwa nini alisema mara mbili? Weye uliandika yote hayo kwa mkono wako, ukaenda kulia nyuma ya nyumba, hukuyasoma.

Sisemi kwamba anajua. Mimi siko kwenye nyumba yako. Inawezekana macho yake ni ya kizee na majivu ni majivu tu. Lakini kama anajua, basi kwa muda wote huu amekuwa akikaa kwenye kile kiti kifupi akikungojea useme, na juzi amechoka kungoja akakufungulia mlango. Na kama hajui, bado unadaiwa maneno yaleyale. Kwa hiyo usianze kupeleleza, wala usimtume Alliance aende kumwuliza bibi yake maswali. Ajue au asijue, weye utasema.

Utasema hivi. Watoto wakishaenda masomo, Rénovat akishaenda kazini, usiwashe mashine. Chukua kigoda ukae chini kuliko yeye. Usianze na mashavu yake, wala na docteur, wala na Furaha wa Canada. Anza na hili: "Mama, siku ile uliponiuliza, nilikudanganya. Ndani kulikuwa na yai. Na kila siku tangu pale kulikuwa na yai." Omba msamaha mara moja, vizuri, kisha funga mdomo. Najua utataka kuendelea kuongea, barua yako imenionyesha. Funga.

Akikasirika, mwache akasirike, ana haki hiyo mpaka itakapoisha yenyewe. Akikulaani kidogo, vumilia. Akifunga vitenge vyake kwenda Katogota, beba mzigo wake, panda naye gari, ulale huko siku mbili tatu umpikie kwenye makala mahindi yasiyo na kitu, mbele ya macho yake. Hatakufa kwa njaa mradi kuna mtu anayekaa naye anapokula. Hilo pia umelisahau: alipokuwa anakunywa chai tupu, alikuwa ametoka kuzika mume. Usiupe ule mkate sifa zote. Miezi hii yote alikuwa na kiti karibu na mlango, na mtu wa kutania kila asubuhi.

Sasa jikoni. Mkate bila yai unawezekana, ulikushinda kwa haraka yako. Unga wa mahindi uchemshie maziwa, umwagie yakiwa moto, uache uvimbe mpaka upoe. Ponda ndizi mbivu mbili, zile zilizoanza kuwa nyeusi, utie na mtindi, na ngano uongeze kidogo kuliko ulivyozoea. Punguza moto wa hiyo mashine, uipe dakika ishirini na tano, na usiukate ukiwa moto. Hautavunjika. Jaribu leo jioni, kabla ya kusema lolote kesho, ili usimwendee mzee na maneno matupu.

Siku ya Mungu, sufuria ziwe mbili: moja ya ndizi utakayopika weye, moja atakayopika mama mkwe wako. Mama Libérate apewe ule wa ndizi na aambiwe ni wa ndizi. Ukweli wa mama mkwe wako, yeye na mdogo wake wataumaliza wenyewe, weye usiingie.

Mama Domitille akija mezani kupika, mpangie kila kitu wazi: unga, mtindi, chumvi, ndizi, na mayai mawili kwenye sahani yao. Msimamie pembeni kama alivyokuagiza. Akiyasukuma mayai kando, pokea sahani uirudishe kwenye kabati, na usimwulize tena mpaka mwisho wa maisha yake. Akilichukua moja akalipasua kwa mkono wake mwenyewe, usishangilie, usimshukuru, wala usimtazame usoni. Mpe kijiko akoroge.