Paa la Mama Zuhura

Newala, Jumamosi

Mpaka sasa masikio yananiwaka kwa aibu. Mimi msanifu majengo, nimepewa pole mbele ya jengo langu mwenyewe!

Nilikwenda Kitangari kumkabidhi Mama Zuhura nyumba yake. Paa nimelichora likiinamia ndani pande zote mbili, ili mvua ikusanyike katikati na kushukia kwenye tangi. Tukiwa uani na fundi, wakaingia majirani watatu. Nikawaamkia.

"Marahaba. Pole, Mama Zuhura. Tumeona toka barabarani, paa limebonyea. Upepo wa jana huo."

Nikaanza kueleza. Mmoja akanishika mkono. "Pole na wewe, mwanangu. Ndiyo kujifunza."

Niliogopa Mama Zuhura ataniambia nilibomoe. Ndiyo nyumba yangu ya kwanza, akiikataa hii, nani mwingine atani...

Yeye akamwagiza fundi apande na ndoo ya maji, ayamwage juu. Maji yakakimbilia katikati, yakashuka, tukayasikia yakidondoka ndani ya tangi.

Kisha yule aliyenishika mkono akanisogelea, akaninong'oneza, "Mwanangu, na la kwangu utaweza kulibonyeza?"