Vibao Ishirini vya Mlango wa Mwaitu

Jumatatu, 3 Septemba 1979

Gundi imechemka ikamwagika tena. Karakana yote inanuka kwato. Mwaitu yuko kwenye kiti chake hapo mlangoni, amenitazama nikifuta, akacheka. Mama yangu amesahau mengi, kunicheka hajasahau.

Leo ameniita Nzioka mara tatu. Nzioka alikuwa baba. Mara ya nne nikaitika tu.

Utaratibu ni ule ule. Mke wangu Kalondu anaenda shamba, mimi nabaki na Mwaitu karakana. Nikiwa naranda au nagonga kitu, anatulia. Nikinyamaza, anainuka. Tangu Juni ametoroka mara mbili. Dada yangu Ndunge alipokuja Agosti alisema wazi: akipotea mara ya tatu, anamchukua kwake Zombe. Kutoka hapa Kathonzweni ni kutwa nzima njiani, na huko Mwaitu hajui mti wala mtu. Ndunge hatanii. Yeye alirithi kichwa cha mama, mimi masikio ya baba.

Kazi ya mwezi huu ni ngoma ya bendi ya shule. Mwalimu mkuu, Kilonzo, ameleta mabaki ya ile ya zamani ndani ya gunia. Mbao ililiwa na mchwa. Zimebaki pete mbili za chuma, skrubu zake, na zile nyuzi za waya zinazokaa chini, zinazofanya ngoma ikwaruze ikipigwa. Siku ya wazazi ni tarehe 13 Oktoba. Nikasema hakuna shida. Mimi na mdomo wangu. Natengeneza vitanda, viti, na Mungu atusaidie, majeneza. Ngoma sijawahi.

Jumatano, 5 Septemba

Vibao ishirini vya saipresi. Kila kimoja kinachongwa mbavuni kwa mshazari, ili vikisimamishwa pamoja vizunguke. Nimekata kutwa. Nilipovifunga kwa mpira wa tyubu, duara likakamilika kwa vibao kumi. Kumi vikabaki mkononi. Nimeunda ngoma ya mtoto mchanga. Mwaitu ameivaa kichwani kama kofia.

Nilitaka kukasirika. Ilimkaa vizuri.

Alhamisi, 6 Septemba

Mwalimu Kilonzo alipita akanichorea hesabu kwa mkaa kwenye benchi langu. Digrii mia tatu na sitini ukigawanya kwa ishirini ni kumi na nane. Lakini kila kiungo kina mbavu mbili, kwa hivyo ni tisa kila upande. Mimi nilikata kumi na nane kila upande. Akasema, "Fundi, ungekuwa darasani kwangu ungesimama pembeni mpaka jioni." Nikamwambia ndiyo maana niliishia la nne.

Nilimwuliza kwa nini tusitoboe gogo moja kama wazee wetu, kazi ya siku chache. Akatupa jicho kwa Mwaitu, akashusha sauti. Shule ni ya kanisa. Ngoma ya gogo ni ya kilumi, kilumi ni mambo ya pepo, na wazee wa kanisa hawataki kuiona uwanjani. Vibao vya kuunganisha ni halali, gogo ni dhambi. Sikubishana. Mwaitu mwenyewe alikuwa mpigaji wa kilumi kabla hajabatizwa. Watu walitoka Kitui kuja kumsikia. Nadhani Mwalimu anajua, ndiyo maana alishusha sauti.

Jumatatu, 10 Septemba

Saipresi niliyokata upya imepasuka. Niliuziwa mbichi, na huu upepo wa Septemba hauna huruma. Mbao kavu iliyobaki ni moja tu. Iko nyuma ya karakana, imefunikwa gunia.

Sitaki.

Jumanne, 11 Septemba

Ni mlango wa nyumba ya Mwaitu. Mbao ya mukau, mchwa hawaugusi. Baba aliuranda mwenyewe. Nyumba ile, ng'ambo ya mto, ilianguka na mvua ya mwaka juzi, tukamhamishia Mwaitu hapa kwetu. Mlango nikauokoa. Nilimwahidi kumjengea chumba niuweke hapo. Ahadi ya fundi. Miaka miwili sasa.

Leo nimeupasua. Kalondu alimchukua Mwaitu kwa jirani ili asione. Nimepata vibao ishirini kamili, na kimoja kina lile tundu la komeo, pale Mwaitu alipokuwa akiingiza kidole kutoka nje ili kufungua. Ngoma ya namna hii huhitaji tundu ubavuni, ipumue. Nikajiambia ni bahati, sitatoboa jingine.

Najisikia mwizi.

Jumamosi, 15 Septemba

Duara limefunga. Tisa kila upande, asante Mwalimu. Nimepaka gundi, Kalondu akiwa amekaa na Mwaitu, nikazungushia mipira ya tyubu mpaka likafanana na mguu uliovunjika.

Mchana Mwaitu akauliza mlango wake uko wapi. Miaka miwili hajauliza. Nikamwambia upo. Si uongo.

Jumatatu, 24 Septemba

Wiki nzima naranda. Kona ishirini za nje lazima zife ndipo ngoma iwe mviringo. Viganja vimetoka malengelenge kama vya karani aliyepewa jembe.

Mwaitu ameshika mwendo wa randa kwa vidole, juu ya goti. Halafu akaanza kuingiza mapigo yake katikati, mapigo ambayo randa haina. Mimi ni Mkristo wa benchi la nyuma, lakini kilumi naijua nikiisikia. Nikapunguza mwendo ili apate nafasi. Tukaenda hivyo mpaka saa ya chakula. Hajainuka hata mara moja. Hajaniita jina la mtu yeyote.

Mbao niliyoranda haikuhitaji kurandwa tena. Nilijua.

Jumamosi, 29 Septemba

Nimevalisha ngozi ya mbuzi, nikakaza skrubu, nikafunga zile nyuzi za chini. Nikapiga. Ikalia kama mvua ya mawe kwenye bati. Kalondu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona nini kimeanguka. Nilipiga kama mara thelathini. Mtu wa miaka arobaini na minane.

Mwaitu alibonyeza ngozi kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. "Imelegea," akasema. "Haijaoga." Tukacheka, mimi na Kalondu. Sikumwuliza maana yake.

Jumatatu, 1 Oktoba

Sasa najua maana yake. Ngoma ya gogo, kabla ya kuchezwa, huloweshwa ngozi kisha huanikwa juani ikaze. Gogo halina kiungo, halidhuriki.

Nilikwenda dukani kununua msasa. Kalondu alikuwa na Mwaitu, akaingia jikoni kuteremsha sufuria. Muda wa sufuria tu. Mwaitu akachukua ngoma, akaiosha kwa maji ya mtungi, ngozi na mbavu zote, akaiegemeza ukutani penye jua. Gundi ya kwato ikiona maji hurudi kuwa uji. Ngozi ikavuta, vibao vikaachia. Niliporudi, vitano vilikuwa vimeingia ndani kama mashavu ya kibogoyo.

Alikuwa amesimama kando yake, mikono imelowa, amefurahi kuliko nilivyomwona mwaka huu wote. "Nzioka, nimekuandalia."

Nikakaa chini mavumbini. Nikatafuta hasira, sikuipata. Nikasema asante.

Jumanne, 2 Oktoba

Nimebandua vyote. Nakwangua gundi. Siku kumi na moja zimebaki. Mwaitu ameuliza ni nani huyu anayeharibu kazi za watu.

Jumamosi, 6 Oktoba

Kupaka gundi hakuna kelele. Hilo ndilo nililolisahau.

Gundi ikipoa imeharibika, kwa hivyo unainama na kwenda haraka, vibao ishirini, hutazami pembeni. Kalondu alikuwa sokoni. Nilipofunga mpira wa mwisho nikainua kichwa, kiti kilikuwa kitupu. Ameondoka saa ngapi, sijui. Ningeweza kumgusa kutoka pale nilipoinama.

Wanawake wanaochota maji mchangani mtoni walimwona akivuka. Saa kumi jioni tukamkuta, mimi na Kalondu, kwenye kiwanja cha nyumba ya zamani. Hakuna ukuta. Kuna mawe ya msingi na majani makavu. Alikuwa amesimama palipokuwa na mlango, upande wa nje. Angeweza kupita popote. Hakuvuka. Miguu inatoka damu.

Akanigombeza. "Hebu gonga wewe. Mimi nimegonga tangu asubuhi."

Nikagonga. Hewa tupu, mara tatu, kwa adabu. Kalondu akageukia mtoni. Nikamwambia Mwaitu inaonekana wenyewe hawapo, twende kwangu tuwasubiri. Akakubali. Nilimbeba mgongoni kuvuka mchanga. Ni mwepesi. Hilo nalo sikuwa nalijua.

Jumatano, 10 Oktoba

Ndunge amefika. Habari ilimfikia Zombe kabla sijaamua kama nitamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele zake, nikiwa na majibu kadhaa mazuri. Hakupiga kelele. Alichemsha maji, akamwosha Mwaitu miguu, akafunga vidonda kwa kitambaa safi. Ndipo akasema, bila kuniangalia, "Kaka, wewe unamlinda kwa kelele za nyundo. Kwangu kuna ua lenye lango, na wasichana watatu."

Nikakubali aende naye Ijumaa. Ana haki, na hapo ndipo panaponiuma.

Ijumaa, 12 Oktoba

Ngoma imekamilika. Viungo vimeshika. Ilikuwa kwenye benchi, inamngoja Mwalimu.

Basi lao lilikuwa la saa tatu. Ndunge alikuwa nje akifunga mizigo. Mwaitu akaingia karakana kuniaga, au kutafuta kiti chake, sijui. Akaiona ngoma. Akaizungusha polepole, akipitisha kiganja mbavuni, mpaka akafika kwenye tundu. Kidole kikaingia. Akakikunja kuelekea juu, vile mtu anavyoinua komeo. Akangoja. Akainua tena.

Akanitazama kwa upole kabisa, kama mgeni asiyetaka kusumbua watu. "Mmebadilisha komeo."

Nilitaka kumwambia kila kitu. Mlango, ahadi, chumba. Nikasema, "Ndiyo, Mwaitu. Tumebadilisha."

Akatoa kidole. Ndunge akamshika mkono. Mwaitu aliponiaga barabarani aliniita fundi.

Jumamosi, 13 Oktoba

Siku ya wazazi. Bendi ilipita uwanjani, ngoma mbele. Haikufunguka. Mwalimu Kilonzo alinisimamisha mbele ya watu, wazee wa kanisa wakapiga makofi kwa ngoma safi ya kisasa, isiyo ya gogo. Nikainama kama bwana harusi. Walikuwa wakipigia makofi mlango, na mimi peke yangu nilijua, na Kalondu. Alinishika kiwiko njia yote ya kurudi.

Alhamisi, 25 Oktoba

Mvua bado. Mawingu huja mchana, hutazama, huenda.

Barua ya Ndunge imefika. Mwaitu anakula vizuri. Miguu imepona. Kila asubuhi huzunguka ua, hugusa lango, hurudi kukaa. Hajamwulizia mtu yeyote.

Saa mbili ngoma ya shule inasikika hadi hapa, watoto wakiingia darasani. Imekaza vizuri siku hizi. Jua lenyewe limeifanyia kazi.

Natengeneza kabati la mwalimu wa kike. Leo nilikuwa nimeinama napaka gundi, kimya kabisa, nikashtuka. Kabla sijafikiri nikachukua nyundo nikaanza kugonga benchi, hivi hivi, bila msumari. Kalondu akachungulia, akaniona, akarudi ndani. Nikaendelea kugonga mpaka gundi ikapoa.