Finjani Isiyotikiswa

Ghubra, Maskati

Marwan, mpenzi wangu,

Huku sote wazima. Mama yako goti limepoa, na juzi kanikokota hadi Bawshar kutazama mapazia, wala hakununua.

Leo nimeikumbuka siku yetu ya mwanzo Vienna, nilipokusindikiza masomoni. Tulizunguka kanisa kuu mpaka viatu vikanibana, tukaingia mkahawani. Ulipomaliza kahawa ukamtikisia mhudumu kikombe, kama uko kwenu, kumwambia basi, inatosha. Yeye akadhani unataka nyingine, akaleta. Ukaona haya kuirudisha, ukainywa, ukatikisa tena, ikaja ya tatu! Nilicheka mpaka nikalia.

Tuliagana utakaa huko mwaka mmoja. Jana kwa simu umesema unaongeza mwengine, nami nikakwambia kheri, inshallah.

Leo alasiri mama yako kanimiminia kahawa. Nikanywa, nikamrudishia finjani bila kuitikisa, akajaza. Nikamrudishia tena, akajaza. Mara ya tatu akaliweka dele la kahawa chini, akanitazama.

“Bashayer, mwanangu, hujatosheka tu?”

Yeye sikumjibu. Nnakujibu wewe: bado sijatosheka nawe.

Mkeo,
Bashayer