Akinuna, Mfuate

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza nakusihi wewe na kila atakayeisoma barua hii mnifichie kila neno, msimsomee hata jirani, maana habari hii ikifika kazini kwangu nimekwisha.

Mimi ni karani katika ofisi inayowapa wafanyabiashara wadogo mafunzo ya saikolojia, yaani si hesabu wala mikopo bali namna ya kufikiri, kuthubutu, kuanza jambo kabla hujasukumwa na kutokufa moyo mambo yakigoma, na kazi yangu ni kuchapa karatasi wanazokwenda nazo nyumbani. Mkufunzi aliandika kwa mkono, "Mteja akinunua, mfuate umuulize ameionaje kazi yako." Mimi nikachapa, "Mteja akinuna, mfuate umuulize ameionaje kazi yako." Herufi moja iliniponyoka, mimi niliyesifiwa shuleni kwa imla, na nilipogundua, nakala arobaini zilikuwa zimeshagawiwa, nikanyamaza.

Darasani alikuwemo shangazi yangu, fundi wa mapazia, aliyenilea tangu nina miaka sita na ambaye naishi kwake mpaka leo. Wengine waliusoma mstari ule wakacheka, au hawakuusoma kabisa. Yeye aliutii. Zamani mteja akikunja uso shangazi alijifungia chumbani akalia kwamba kazi imemshinda, sasa anavaa viatu na kumfuata. Nimeshuhudia mwenyewe:

"Mama wee, umenuna."

"Sijanuna."

"Mdomo huo mtu anaweza kutundikia pazia, halafu hujanuna? Twende nikalione dirisha."

Akaenda, akakuta pazia limeishia magotini kwa sababu mteja alipima dirisha kwa kamba ya kiatu. Tangu siku hiyo anakwenda kupima mwenyewe, wateja wamemjaa mpaka ameongeza cherehani ya pili, na kila tukila ananiambia, "Mwanangu, aliyeandika karatasi ile ana akili, Mungu amweke," nami natafuna nimeinamisha kichwa.

Sasa mkufunzi amesikia sifa zake na amemwalika Ijumaa azungumze mbele ya darasa jipya na wageni, naye amepanga kuanza kwa kuwasomea mstari huo. Nikisema nitafukuzwa, nisiposema atachekwa mbele za watu, na akijua kwamba alichokiamini ni kosa la kuchapa naogopa atarudi kujifungia chumbani. Nifanye nini? Nijibu gazetini, na ikibidi kupiga simu piga saa saba mchana, nikiwa nje, ukisikia sauti ya mtu mwingine ukate.

*

Karani wangu, pole. Nimecheka, kisha nikakukasirikia. Kosa la herufi linampata kila mtu, lakini kunyamaza umekuchagua mwenyewe, na mficha uchi hazai.

Unamwonaje shangazi yako, yai? Wenzake thelathini na tisa walipewa karatasi ileile, wakabaki wamekaa. Karatasi yako haikumbishia hodi mtu aliyekasirika, ni yeye. Hilo ndilo somo ofisi yenu inalolifundisha, na mwanafunzi aliyelishika unaishi naye nyumba moja, ila wewe unayelichapa bado hujalijaribu.

Basi leo, ukitoka kazini, kaa mbele yake umweleze, yeye kwanza kabla ya mkufunzi. Atakutukana. Mwache amalize. Halafu muulize anataka kusema nini hiyo Ijumaa, na atakalolitaka lifanye, maana jukwaa ni lake. Kesho asubuhi mpelekee mkufunzi karatasi zote mbili, yake na yako, umwombe radhi mara moja, si mara kumi, na umsimulie habari ya madirisha. Akiwa mwalimu kweli, atafundisha mistari yote miwili. Kosa moja haliachi mke, na sidhani kama linafukuza karani.

Likikufukuza, njoo kwetu gazetini siku yoyote kabla ya saa nne asubuhi, ghorofa ya pili, mlango usio na kibao. Jina lako silihitaji. Waambie wa mapokezi kwamba wewe ni mtoto wa fundi wa mapazia, nitatoka mwenyewe kukupokea.