Harufu ya Kipande cha Bluu

Mjukuu wangu Nuru,

Huku mtaani Magoudjou, Moroni, sote hatujambo, na mama yako amepata paa lisilovuja. Wallahi, bila mimi, mjomba wake, Moroni isingekuwa na pambo hata moja la kioo. Mabaki ya vioo vya mafundi wa madirisha niliyaosha kwa majivu na ndimu, nikawauzia watu wanaotengeneza mapambo kwa kujifurahisha. Walikuwa wakishangaa: "Mjomba, vioo hivi umeviosha au umeviroga?"

Unauliza kwa nini kile kipande cha bluu sikiuzi, na mbona bado kinanukia asumini. Hicho ni cha chupa ya mafuta ya asumini ya marehemu mama yangu. Alinipa chupa hiyo siku naondoka kwetu Mutsamudu kuja Moroni, ikavunjika mkobani. Kisha kisiwa chetu cha Ndzuani kikajitenga na serikali ya Moroni, boti zikasimama, na mama sikumwona tena. Nikimkumbuka, nilikuwa nakinusa.

Watu wote nimewaambia harufu ya mama haitoki. Wewe peke yako nakwambia kweli: siku moja, kwa mazoea ya kazi, nilikiosha pamoja na vingine. Tangu hapo kila Ijumaa nakipaka asumini ya dukani. Nakinusa, mjukuu wangu, lakini siyo ile.

Mimi babu yako,
muosha vioo