Mshipa wa Marehemu

Shoga, uko hewani?? Nimerudi kibandani kwangu kutoka kwa daktari wa mkono na mwili bado unanisisimka.

Anataka kunitia mshipa wa maiti.

Wa MAITI! Anasema ule mshipa wa fahamu wa mkono wa kulia uliokatwa na kioo umeacha pengo, hauungiki. Kwa hiyo wanachukua wa marehemu, wanauosha seli zote, linabaki ganda tupu kama mrija, halafu wangu unaota humo ndani polepole.

Nikamuuliza, marehemu nani? Eti, "Hatumjui, dada, ila alikubali mwenyewe." Hamumjui, halafu mnajua alikubali?

Na shemeji yako pembeni anaitikia kila neno, kana kwamba walishapanga.

Mimi fundi wa nguo, doa la damu nalijua lilivyo king'ang'anizi. Leo mtu mzima aoshwe mpaka aishe kwenye mshipa wake? Hapa kuna kitu nafichwa.

Nimemwambia sitaki. Nitashona hivihivi na vidole vilivyobaki.

Ngoja, nasikia harufu ya kuungua. Nilikuwa nanyoosha gauni la mteja.

Shoga.

Si gauni. Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, kumbe wa kulia nimeuegemeza kwenye pasi. Kidole cha mwisho kimebabuka na sijasikia chochote. CHOCHOTE.

Njoo unifunge kitambaa, halafu unisindikize kwa daktari kabla marehemu wangu hajapewa mtu mwingine.